Mgonjwa wa Kabatini

Mkutubi alikuwa mtu wa kila kitu na mahali pake. Viatu vyake vililala sambamba chini ya kiti kilekile, funguo zake zilikuwa na msumari wao nyuma ya mlango, na filamu zote za familia alizihifadhi katika kompyuta ndogo aliyoiunda kwa mikono yake na kuiweka ndani ya kabati la sebuleni, chini ya televisheni. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kama mkasi wake, alimbandika jina la Bwana Utaratibu, na jina hilo likamganda kama ruba.

Kompyuta ile haikuwahi kumsumbua mpaka lilipofika juma alilohamia mama mkwe. Bibi huyo alikuwa ameishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Binti yake alimbembeleza mwaka mzima, na hatimaye akakubali kuja, akiwa na begi moja na shali nzito ya sufi aliyoifuma mwenyewe. Jioni ya kwanza waliketi wote watatu kutazama filamu ya ndege wa nchi za barafu. Filamu ilipofika katikati, picha ikasimama. Ndege mmoja akabaki na mguu hewani, sauti ikang'ang'ania mlio mmoja kama mbu sikioni, na rimoti ikabonyezwa weee, bila jibu. Ilimbidi Mkutubi ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta ikazimika kabisa.

"Kina nini hicho chombo?" akauliza mama mkwe.

"Imeganda, mama. Kompyuta huganda wakati mwingine."

"Maskini," akasema bibi, akajikunyata ndani ya shali yake.

Jumapili Mkutubi aliifungua. Feni yake ilikuwa imevaa vumbi nene mithili ya manyoya ya panya. Akaisafisha kwa brashi, akaifunga, na jioni ile ikafanya kazi bila hata kukohoa. Alilala usingizi wa mtu aliyemaliza shughuli. Jumatatu alasiri, aliporudi kutoka maktaba, alimkuta mama mkwe ameketi mbele ya picha iliyosimama, shali mabegani.

"Kimeganda tena, baba," akasema kwa upole, kama anayetoa habari za msiba.

Basi Mkutubi akashika kanuni aliyoiamini kuliko zote: badilisha kitu kimoja tu, kisha subiri uone. Alibadilisha waya wa umeme. Kesho yake mchana ikaganda. Alizipima kadi za kumbukumbu moja baada ya nyingine, akazikuta nzima. Alihamishia filamu kwenye diski nyingine, ikaganda vilevile. Ajabu ni kwamba jioni, yeye akiwepo, haikuwa na neno. Kipimo chake cha joto cha ndani kilitulia, picha zikaenda, sauti ikawa safi. Ilikuwa kama mtoto mtundu anayemhangaisha yaya kutwa nzima, halafu akisikia hatua za baba anachukua kitabu.

Jumatano, mkewe akikata vitunguu jikoni, Mkutubi aliegemea mlango na kuanza kufikiri kwa sauti.

"Twende kwa utaratibu. Ilianza lini?"

"Juma lililopita."

"Tangu mama aje."

"Mmh."

"Na inaganda saa ngapi? Mchana, mama akiwa peke yake nayo. Jioni haigandi."

Kisu kikasimama. "Unasema nini wewe?"

"Sisemi kitu. Napanga mambo tu."

"Basi yapange tumboni mwako!"

Lakini onyo lilikuwa limechelewa. Ukumbini ndala zilizokuwa zikija upande wa jikoni zilisita, zikageuka, zikarudi polepole zilikotoka.

Alhamisi asubuhi, chai ikiwa bado mezani, mama mkwe alitangaza kwamba Jumamosi angerudi kwake. "Nyumba ikikaa bila mtu inaota ukungu," akasema, akikitazama kikombe chake. Hakuna aliyeuamini ukungu huo. Alipoondoka mezani, fundi cherehani akamgeukia mumewe.

"Umefurahi? Umemfukuza mama yangu kwa sababu ya televisheni."

"Sijamfukuza."

"Umempigia hesabu! Afadhali ungemfukuza, angalau angepata la kujibu. Itupe jalalani hiyo kompyuta yako, yaishe."

"Nikiitupa," akasema Mkutubi taratibu, "ataondoka akiamini kwamba ni yeye. Na akiamini hivyo, hatarudi tena hapa. Lazima nijue ina nini kabla ya Jumamosi."

Mkewe akachukua mkoba wake. "Haya, Bwana Utaratibu. Jua upesi."

Ijumaa maktaba ilifungwa mapema kwa sababu wapaka rangi walikuwa wakianza kazi, naye akarudi nyumbani jua likiwa bado kali. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa begi, limekwisha kufungwa zipu, limewekwa katikati ya njia karibu na mlango. Alilivuka kwa uangalifu. Sebuleni, kwenye televisheni, ndege wa barafu alikuwa amekwama na mabawa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mapema leo?" Bibi akainuka kumpokea mfuko, na shali ikamteleza mabegani hadi sakafuni.

Mkutubi akainama kuiokota. Akaishika kwa mikono miwili ili amrudishie kwa heshima, na hapo mikono ikasita. Shali ilikuwa ya moto. Halikuwa joto la mwili wa mtu. Lilikuwa joto la shati lililotoka sasa hivi chini ya pasi.

"Mama," akasema, "hii shali ilikuwa wapi?"

"Si umeona? Begani kwangu."

"Na kabla ya begani?"

"Kabla ya begani ilikuwa kule, kwa mgonjwa wako." Akaelekeza kidevu kabatini. "Humfunika nikiwasha, na nafunga na mlango upepo usimpige. Akiganda pamoja na hayo yote, basi, shali imeshindwa kazi, naivaa mimi."

Mkutubi akakaa kitini, shali mapajani. "Kwa nini unamfunika, mama?"

"Swali gani hilo? Si ninyi wenyewe mnasema kila siku, kimeganda, kimeganda! Mtu akiganda kwa baridi, unamfunika au unamvua nguo? Tena kinaonyeshwa barafu mchana kutwa. Hata mimi mwenyewe nikiwatazama hao ndege natetemeka."

Kicheko kilimpanda Mkutubi, akakimeza haraka. "Mama, hii inaganda kwa joto."

"Kwa joto?" Bibi akamtazama kama mtu anayeona mkwewe akianza kupotewa na akili. "Mafuta yanaganda kwa joto? Maji yanaganda kwa joto?"

"Hapana, mama. Ndani mna feni inayotoa joto nje. Likikosa pa kutokea, kompyuta inazidiwa, inasimama palepale ilipo. Sisi tukaita kuganda."

Macho ya bibi yakaenda kwenye shali, yakaenda kwenye begi mlangoni. "Basi kweli ni mimi," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo Mkutubi aliona kwamba ukweli nusu ungemfungasha mama huyu virago kwa uhakika zaidi kuliko uongo. Ilibidi autoe wote.

"Shali ni yako, mama. Lakini ile jioni ya kwanza shali ilikuwa mwilini mwako, na bado iliganda. Ile ilikuwa vumbi langu mimi niliyejaa utaratibu kila mahali isipokuwa ndani ya feni. Na neno nililokupa ni langu pia. Nilikuambia imeganda, ukafanya kama neno linavyotaka. Kisha nikakaa jikoni nauliza ilianza lini, badala ya kuja hapa kukuuliza wewe unayeshinda nayo. Nisamehe, mama."

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na Mkutubi akashtuka akidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Kwa hiyo chombo kina homa," akasema akijifuta macho, "nami nakiongezea blanketi! Mngesema tangu mwanzo kina homa, ningekipepea."

Wakaacha mlango wa kabati wazi. Mkutubi akaizima na kuiwasha upya, akairudisha filamu mwanzo, kisha akaenda jikoni kuchemsha chai, maana jaribio lilitaka mama awe peke yake nayo kama siku zote. Kila mara alisikia sauti ya filamu ikiendelea, na mara moja akasikia bibi akiuliza, "Unajisikiaje sasa?"

Fundi cherehani aliporudi jioni alikuta mama yake akitazama majina ya mwisho yakipanda kiooni, shali imekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Imekwisha bila kuganda?" akauliza, hana hakika amwulize nani.

"Haigandi hiyo," akajibu mama yake. "Huwa na homa. Mume wako atakueleza, amesoma." Akainuka aende kumletea binti yake chai, akafika ukumbini, akasimama.

"Nani ameweka begi hapa njiani?" sauti yake ikasikika. "Mtu si ataanguka!"

Wakasikia begi likiburutwa sakafuni, likielekea chumbani.