Futi ya Mwenyekiti wa Mtaa

"Kifo," alisema Mwalimu Shih, mwongoza ibada za wafu, akaiinua rula yake ya shaba kutoka juu ya mbao. "Kifo tena, Chin-mu. Kama wiki iliyopita."

Tsai Chin-mu alijipangusa jasho kwa kiganja kilichojaa unga wa mbao, akajipaka uji usoni. Alikuwa amesimama katikati ya karakana yake, ambayo ilikuwa sebule hadi mke wake alipofariki. Makochi aliyagawa. Mahali pake aliweka mashine mbili: moja ya kuchonga mbao, inayoongozwa na kompyuta, aliyoinunua kwa mtu aliyefunga duka, ya pili printa ndogo inayoyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka mpaka iwe kitu. Nyumba nzima ilinuka plastiki iliyoungua, mafuta ya mashine na chai iliyochacha. Hakukuwa na mtu wa kumwambia afungue dirisha.

"Futi yangu inasema Ustawi," alisema.

"Futi yako haitazungumza na marehemu kesho. Mimi ndiye nitakayezungumza naye."

Rula ya mwalimu ilikuwa ya kupimia vitu vya wafu. Imegawanywa vipande kumi, na kila kipande kina neno lake, mengine mekundu ya heri, mengine meusi ya shari. Kimo cha kibao cha jina la marehemu sharti kiishie kwenye neno jekundu. Chin-mu alilenga Ustawi, sentimita ishirini na saba na nukta nne. Kibao kikaishia nusu sentimita chini yake, ndani ya Kifo, neno jeusi kuliko yote.

"Kesho saa tatu asubuhi mkeo anatimiza mwaka tangu afariki," alisema mwalimu huku akifunga mkoba. "Kile kibao chake cha karatasi nitakichoma, na roho lazima ipate pa kuhamia. Ukiwa na kibao kizuri, anakaa hapa kwako. Usipokuwa nacho, namwandika kwenye kibao cha ukoo, kwa kaka yako. Saa kumi na moja jioni nitapita tena nikitoka kwenye maziko ya akina Chiang. Baada ya hapo usinipigie simu."

Hilo Chin-mu hakulitaka. Kwa kaka yake kulikuwa na mke wa kaka yake. Chiu-hsia, marehemu mkewe, hakusemeshana na mwanamke huyo kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu ya sufuria ya kuivishia wali kwa mvuke iliyoazimwa ikiwa nzima na kurudishwa na tundu. Sasa aende kukaa juu ya madhabahu ya mwanamke huyo, akipewa wali wa sufuria zake, siku zote za milele.

Mwalimu alipotoka, Chin-mu alikitazama kibao alichokihangaikia kwa siku mbili. Herufi zilikuwa safi, kila moja neno zima. Akakitupa kwenye ndoo ya vitu vya kuchomwa, juu ya mwenzake wa wiki iliyopita, akatema mate.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Mbao hiyo ilitoka kwenye boriti ya nyumba alimozaliwa Chiu-hsia, mbao nyekundu ya milimani ambayo ukiikwangua inatoa harufu kama ya ndimu. Nyumba ilivunjwa na wakubwa wa mji ili kupanua barabara, na barabara yenyewe mpaka leo inaishia kwenye bwawa la bata. Mwaka huohuo Chiu-hsia aliugua. Madaktari walisema ni ini. Chin-mu aliyaweka yote kwenye fungu moja, barabara, ini na wakubwa, wala hakutaka mtu amtenganishie.

Akaanza upya. Alikuwa ameshabadilisha mkanda, ameshakaza kiungo kinachoshika mota na parafujo, ameshasugua reli mpaka ungeweza kujiona uso. Akaiamuru mashine isogee sentimita thelathini, akapima kwa futi. Thelathini kamili. Akarudia mara nne. Mashine ilikuwa inamcheka.

"Umeiua hiyo?" sauti iliuliza mlangoni.

Alikuwa A-luan, jirani wa mlango wa pili. Alikagua skrubu kiwandani kwa miaka thelathini, na tangu astaafu alikuwa anakagua watu. Mkononi alikuwa na bakuli la supu ya mipira ya samaki iliyofunikwa kwa sahani.

"Bado," alisema Chin-mu. "Ila inaomba kuuawa."

"Kula kwanza, shemeji. Unanuka kama taka za gereji. Chiu-hsia akirudi kesho akikukuta hivi atageuza njia."

"Akigeuza ataangukia kwa kaka."

"Basi nimenyamaza." Akasogeza bisibisi, akaweka bakuli. "Mwalimu amesemaje?"

"Kifo."

"Na wewe unapima nini?"

"Ustawi. Milimita kwa milimita. Mashine hii ina shetani, dada. Siku ya kwanza tu kuileta niliiambia iende thelathini, ikaenda thelathini na nukta sita. Nikaingia kwenye namba zake, zile za mota ipige hatua ngapi kwa kila milimita, nikazipunguza mpaka ikanyooka. Tangu hapo kila nikipima iko sawa, na kila akipima mwalimu imekufa."

A-luan alikuwa ameokota kutoka kwenye printa trei ya plastiki nyeusi ambayo Chin-mu aliitengeneza kushikilia mbao wakati wa kuchonga. "Hii uliiagiza iwe na upana gani?"

"Sentimita kumi. Nayo ni takataka. Inatoa kumi na nukta mbili."

"Umeipima na nini?"

"Na futi."

Alitoa kalipa yake mfukoni mwa aproni, kile kifaa cha taya mbili ambacho watu wa viwanda vya huku hutembea nacho kama wengine wanavyotembea na leso. Akaibana trei, akasoma, akaibana upande wa pili.

"Kumi kamili," alisema.

"Rudia."

"Nimekagua skrubu milioni ngapi nikiwa nasinzia, nije nishindwe na sahani ya plastiki? Kumi. Sasa nieleze, shemeji. Mashine moja umenunua kwa mtu, printa umenunua dukani. Hazijuani. Zote mbili zilipofika hapa zikakudanganya kwa kipimo kilekile, sentimita mbili katika mia. Zilikaa kikao wapi?"

Chin-mu alinyoosha mkono polepole, akachukua futi. Futi ya chuma, ya mita tano, ya njano, yenye maneno mekundu na meusi ya wafu chini ya sentimita. A-luan aliweka kalipa yake juu ya ule ulimi wa chuma. Sentimita kumi za futi zilikuwa milimita tisini na nane.

Chin-mu akaigeuza. Mgongoni iliandikwa kwa herufi za dhahabu: Kuo Jung-fa, Mwenyekiti wa Mtaa, Mtumishi Wenu wa Kweli. Ile iliyogawiwa nyumba kwa nyumba wakati wa uchaguzi, pamoja na paketi ya tishu.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akahisi mate yakimjaa mdomoni kama mtu aliyetafuna kitu kilichooza na kugundua akiwa ameshameza nusu. Mashine ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyeifundisha kusema uongo. Hakumwamini aliyemuuzia, hakuiamini karatasi ya kiwanda, akaamini futi ya bure ya mtu ambaye hata kura hakumpigia.

"Kula supu," alisema A-luan kwa upole.

Kabla hajanyanyua kijiko, pikipiki ilizima injini nje, na Mwenyekiti Kuo mwenyewe akaingia bila kuvua viatu. Meno yake yalikuwa mekundu kwa tambuu. Kwapani alibeba kitambaa cha rambirambi kilichokunjwa, akakikunjua juu ya mashine bila kuuliza. Jina la Chiu-hsia lilikuwa pembeni, dogo. Jina la Kuo Jung-fa lilichukua nusu ya kitambaa.

"Kaka Chin-mu, pole sana. Kesho nitakuja kufukiza ubani. Niwekee nafasi mbele, nina mpiga picha."

"Mwenyekiti," alisema Chin-mu, "hebu pima hii." Akampa trei, kalipa na futi.

Kuo alivitazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga aliyejisaidia. "Mimi si fundi."

"Ni mbili katika mia," alisema A-luan. "Futi yako ni fupi."

"Hii?" Kuo alicheka, tone jekundu likaangukia sakafuni. "Hii ni ukumbusho, dada. Mwenye kiwanda alibanwa na bei, ni binamu wa mke wangu, kijana mzuri. Tumegawa futi elfu mbili, nyumba elfu mbili, hakuna aliyelalamika."

"Mke wangu ameangukia Kifo mara mbili kwa sababu ya ukumbusho wako," alisema Chin-mu.

"Sasa nani anapima kibao cha marehemu kwa zawadi ya kampeni?"

"Mbona umeichapa maneno ya wafu?"

"Yanapendeza. Wazee wanayapenda."

A-luan aliufuta ulimi wa kalipa kwa aproni. "Mwenyekiti, vile vifuniko vya mifereji ya barabara ya nyuma, vinavyotumbukia ndani, vilipimwa na nini?"

"Hayo ni mambo ya mkandarasi."

"Mkandarasi ni nani?"

"Jamani, nimekuja msibani." Alitazama saa. "Kaka, kitambaa kitundikeni mlangoni, kionekane barabarani." Akatoka, akaacha alama za viatu kwenye unga wa mbao na tone lake jekundu kando ya ndoo. Chin-mu alichukua kitambaa kile, akafutia tone, akakitumbukiza pipani. Hata baada ya kunawa mikono kwa sabuni alihisi bado inateleza.

Ilikuwa saa nane. Alirudisha namba ya hatua kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, akapima mwendo kwa kalipa kipande kwa kipande, akafunga mbao ya mwisho kwenye trei. Kisu chembamba kabisa kikaanza kuchora herufi ya kwanza. Harufu ya ndimu ikapanda, na kwa dakika chache karakana haikunuka kitu kingine.

Kikafika juu, kwenye ukingo. Kikalia kama jino linalogonga kokoto, cheche moja ikaruka, kisu kikakatika. Mbao ikapasuka kutoka kichwani.

A-luan aliichomoa mashine kwenye umeme. Ndani ya ufa kulikuwa na msumari wa zamani, wa mraba, ulioliwa na kutu mpaka kichwa chake hakikuonekana nje. Chin-mu aling'oa misumari kumi na saba kwenye boriti ile kwa mikono yake. Huu ulijificha.

"Imebaki nzima kiasi gani?" aliuliza, bila kuangalia.

"Ishirini na nne na kidogo."

Mwalimu Shih alipofika saa kumi na moja, akinuka moshi wa maziko ya watu wengine, aliwakuta wamekaa na supu imepoa. Alisikiliza yote. Akaweka rula yake ya shaba juu ya mbao iliyobaki.

"Hapa bado ni Kifo," alisema. "Lazima ushuke. Ukikata kwenye ishirini na tatu unaingia Cheo."

"Cheo kipi?"

"Cheo. Wakubwa, ofisi, mhuri. Ni neno jekundu, zuri sana. Kuna watu wananibembeleza niwatafutie hilo."

Chin-mu alimtazama kama aliyemwekea nzi kwenye sahani. "Na chini yake?"

"Haki. Sentimita kumi na tisa."

"Weka Haki."

"Zitaenea herufi zote kumi na moja?"

"Zitaenea."

Kisu chembamba kilikuwa kimekatika, na kinene hakikuweza kuchora herufi ndogo. Chin-mu alijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ya kreti, kimo cha sentimita kumi na tisa. Watatu walisimama wakitazama kisu kikishuka, ukoo wa mume, ukoo wa baba, heshima, kisha jina. Kilipomaliza Chiu, nafasi ikaisha. Hsia alikuwa nje ya mbao, angechongwa hewani.

"Tubane herufi," alisema Chin-mu.

"Zitashikana, shemeji. Zitakuwa uchafu tu."

"Tuache herufi ya heshima."

"Herufi nazo huhesabiwa; zikiwa kumi, hesabu inaangukia kwenye neno la uchungu," alisema mwalimu. "Na sitamwita kwa nusu jina. Hatajua kama ni yeye."

Chin-mu alisimama akiwa ameshika kipande cha kreti. Aliwaza sufuria yenye tundu. Aliwaza madhabahu ya mke wa kaka yake, na maua yake ya plastiki yenye vumbi. Akakitupa kipande cha kreti kwenye ndoo.

"Nakata ishirini na tatu," alisema.

Kisu kinene kilifanya kazi saa nzima. Chin-mu alipiga msasa, akapuliza unga, akakiweka kibao mezani bila kukitazama. Mwalimu alipima mara mbili.

"Cheo," alisema. "Safi. Kesho anahamia hapa."

A-luan alishusha pumzi, akachukua bakuli lake akaipashe supu. Chin-mu aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ingawa ilikwisha kutakata.

"Mwalimu, kesho ukizungumza naye, mwambie nilijaribu Haki kwanza."

"Nitamwambia."

"Mwambie ilikuwa fupi. Haikumtosha."