Sikio Juu ya Karai

Kitu cha kwanza nilichokiona ni shingo yake. Baba aliacha kulitazama karai, akaanza kuligeuzia sikio, kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Maji ya miwa yakiwa motoni yana sauti zake: kwanza huvuma kama nyuki, kisha hutokota, mwisho hupasuka kwa uzito, pu, pu, pu. Hapo ndipo sukari guru inapotakiwa kuondolewa. Ukichelewa kidogo tu, inaungua.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye mdomo wa tanuri, nikilisha moto makapi makavu ya miwa. Kazi hiyo niliianza mama alipofariki, nikiwa darasa la nne, na shule ikaishia hapo. Anayekaa chini pale haonekani, lakini yeye anaona. Nilimwona Baba akipapasa ukingo wa karai kabla ya kuengua povu. Nilimsikia akiulizia ndoo ya utelezi wa bamia, ule tunaosafishia maji ya miwa, na ndoo ilikuwa miguuni pake.

Nikanyamaza. Fundi wa karai asiyeona hana kazi, na sisi hatuna shamba. Miezi ya baridi, miwa inapokatwa, ndiyo inayotulisha mwaka mzima.

Kisha karai moja likaungua. Tejvir, mwenye kinu cha miwa, alitema kipande alichokionja.

"Fundi Dharmpal, likiungua jingine naleta mtu kutoka kijiji cha pili. Usiseme sikukwambia."

Kesho yake, karai likiwa limeanza kutokota, umeme ukakatika. Kwetu hiyo si habari. Jagbir, mtu wa mashine, akawasha injini ya dizeli ili miwa iendelee kukamuliwa. Ikanguruma hatua tatu tu kutoka alipo Baba.

Nilimwona akiinama zaidi, mvuke ukimchoma shavu. Hasikii. Akageuza sikio la pili. Hasikii.

Nikainuka, nikajipangusa majivu, nikaushika upawa mkononi mwake. Hakuuachia mara moja. Kisha akauachia.

"We Bimlesh!" Jagbir alipiga kelele. "Mwanamke akisogelea karai sukari haishiki! Rudi kwenye majivu yako!"

"Mwache, labda ana njaa," mwingine akacheka.

"Dharmpal, mkanye binti yako!" alisema Tejvir.

Uani pale nilikuwa sijawahi kumjibu mwanamume. Nilichota tone, nikalidondosha kwenye bakuli la maji baridi, nikalifinyanga. Halikushika. Nikahesabu pumzi kumi, nikachota tena. Safari hii likawa kidonge, gumu kama kokwa. Nikakiweka kwenye kiganja cha Baba. Akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Ondoa!" akapaza sauti.

Watu wawili wakashika masikio ya karai, wakamimina kwenye sinia pana la mbao. Tukasimama wote tukitazama. Sukari ikaanza kuganda kutoka pembeni, ya rangi ya asali. Tejvir akavunja kipande, akatafuna, akampa Jagbir kingine.

"Wewe uliyesema haishiki, haya, kula."

Kisha akamsogelea Baba. "Macho yamekwisha?"

"Yamekwisha, tajiri."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili sasa, tangu haradali ilipochanua."

"Sasa kesho nani atasimama hapa?"

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikasema, "Mimi."

"Nani kasema?" Tejvir akauliza, akiangaza huku na huku.

"Mimi, tajiri!" Safari hii nilipiga kelele, hata Jagbir akageuka. "Mimi nitatazama, Baba atanifundisha lililobaki. Likiungua hata moja, mlete huyo mtu wako."

Tejvir alinitazama kama ndiyo kwanza anajua kwamba nina mdomo. "Na moto atalisha nani?"

"Mpe Jagbir," alisema Baba. "Pumzi anayo."

Watu wakacheka. Tejvir hakusema ndiyo. Alichukua upawa niliokuwa nimeuweka chini, akaupangusa, akanirudishia.

Tukirudi nyumbani Baba alinishika bega, mbele za watu, bila kuficha tena.

"Kumbe ulijua muda wote, ukawa unanionea huruma, mwanangu."

Nikaitikia kwa kichwa, nikasahau kwamba haoni. Lakini haikuwa huruma peke yake, Baba. Upawa ule niliutaka tangu msimu wangu wa kwanza pale tanurini, wakati wewe bado ukiona vizuri kabisa.