Mfupa Kwenye Kikapu cha Kahawa

Kosa lilikuwa la Vero mwenyewe, na alilijua hata kabla mama yake hajamaliza kueleza. Mtu mzima, msomi wa mifupa ya kale, unawekaje mfupa ndani ya kikapu kidogo cha kahawa ya wageni, halafu unakiacha mezani kwa mama yako, Bugene? Alikipenda kwa sababu nyasi zake laini hazikwaruzi. Mama yake, Deodatha, alipokiona aliona kahawa tu. Alitoa pamba iliyofunika mfupa, akakuta kipande cheusi kikavu, kikubwa kama tunda la buni, akadhani ni buni iliyobaki, akakijaza kikapu akamwani, zile buni za kuchemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna, akamkaribisha nacho Mzee Elipidius wa Kiruruma.

"Akatia moja mdomoni, papo hapo akaaga," alisema mama. "Hata sikumwelewa."

Vero alikimimina kikapu chote mkekani. Kahawa tupu.

Ule ulikuwa mfupa wa kifundo cha mguu wa mnyama mdogo wa zama za Triasiki, zaidi ya miaka milioni mia mbili iliyopita, hamzidi paka, aliyechimbwa kusini, bonde la Ruhuhu. Kwa mifupa mingine angeweza kuhesabiwa mjusi yeyote. Kifundo ndicho kilichokuwa na kijipembe kinachopanda juu, alama ya ndugu wa dinosaria. Vero alikuwa anaupeleka Kampala ukapigwe picha za ndani kwa mashine, akapitia nyumbani kusalimia. Bila huo, mnyama wake asingepata jina, na yeye asingekuwa na uso wa kurudi nao makumbusho alikofanya kazi.

"Mzee ana meno?" aliuliza.

"Anayo yote," mama akajibu, na hilo halikumsaidia.

Bodaboda ilimfikisha Kiruruma vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alimkuta Mzee Elipidius kwenye migomba yake, akikata majani makavu bila moyo.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amekutuma?"

"Hapana. Ni ile kahawa uliyotafuna kwetu."

Mzee akatazama chini. Akatoa leso mfukoni, akaifungua. Mfupa ulikuwa mzima, na kijipembe chake mahali pake. Vero akaketi palepale kwenye majani, akalia, kisha akacheka, na kwa muda hakuweza kuacha vyote viwili.

"Kitu hiki kiling'ang'ania ulimi, nikajua si kahawa," mzee alisema.

"Mfupa wa kale ndivyo ulivyo. Hata sisi huulamba tukitaka kuutambua."

"Mimi sikujua. Nilikuja kwenu ili mimi na mama yako tumalize ule ugomvi wetu wa mpaka wa shamba. Kutema kahawa ya mtu nyumbani kwake siwezi, nikauficha. Nikasema, basi, Deodatha amenijibu. Amenipa jiwe badala ya kahawa."

Vero akamweleza yote, kikapu na pamba na ujinga wake.

"Kwa hiyo mama yako hana kinyongo?"

"Alikijaza kikapu kwa ajili yako."

Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka nayo. Akausogelea mfupa ule mkononi mwa Vero, safari hii kwa udadisi.

"Na huyu ni wa ukoo gani?"

"Wa dinosaria. Si mtoto wa nyumba yao hasa, ni binamu."

"Alaa. Basi ana watu wake."

Akachomeka panga kwenye mgomba, akajipangusa mikono.

"Mwambie huyo wa bodaboda asiondoke," alisema. "Ngoja nivae koti. Kahawa ya mama yako bado sijaitafuna."