Mtaa Uliojipamba

Wilhelmina alipokata kona kuingia mtaa wa Mawe Pacha, akiwa amewatangulia wajumbe wa kamati ya majengo ya kale, alisimama ghafla. Alidhani amepotea njia, yeye aliyezaliwa hapo hapo.

Kwa miaka miwili alikuwa amehangaika kuziombea ulinzi nyumba sita za mtaa huo. Zilijengwa na mababu chini ya mwamba: baraza mbele, nguzo nene za mviringo, madirisha ya mbao, na juu ya kila mlango mwaka wa ujenzi. Kamati ikizikubali, hakuna wa kuzigusa. Ikizikataa, zinabomolewa kupisha maegesho ya magari, na baba yake mdogo, Masele, atafute pa kwenda.

Mwezi uliopita alimpigia Masele simu. "Baba mdogo, Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao naleta wageni wakubwa kuangalia nyumba zetu." Basi. Msomi wetu aliishia hapo.

Sasa nguzo zilikuwa zimevikwa marumaru nyekundu, zile za bafuni. Madirisha yalikuwa ya aluminiamu na vioo vya bluu. Mwaka wa 1936 ulikuwa umepigwa plasta ukapotea. Na si kwa Masele tu, nyumba zote sita.

Masele alitoka na shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, wageni. Tumesaidiana mtaa mzima. Sasa hata wenye majumba mapya ya Kiseke hawatuzidi."

"Madirisha ya zamani yako wapi?"

"Zile mbao? Ndizo zilizopika pilau yenu."

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole aitwaye Sabina, aligusa marumaru, akafunga faili. Alisema taratibu kwamba hakuna tena cha kuandikisha. Wakaondoka bila kuonja pilau.

"Mbona wanakwenda? Kuna mahali hatukumalizia?"

"Walikuja kuangalia uzee wa nyumba hizi, baba mdogo. Ule uzee ndio ungetuokoa."

Masele alitazama nguzo zake, akatazama za jirani, mpaka nyumba ya mwisho. Majirani walikuwa wamesimama barazani na nguo za kanisani, wakimpungia mkono, wakisubiri majibu.

"Si ungesema," alisema. Kisha akakaa chini. "Haya, kawaambie wewe."