Mwezi Wenye Kovu

Katika shule moja ya bweni nje kidogo ya Masumbwe, ulimwengu uliumbwa kwa mihula mitatu, na ungeumbwa kwa miwili kama umeme usingekuwa unakatika. Waumbaji walikuwa wawili, wote wa kidato cha tatu. Agnetha aliandika programu ya mchezo wa kompyuta: yeye ndiye aliyeamuru roketi ziruke, zitue na zilipuke. Ngusa alikuwa mpambaji. Kazi yake ilikuwa kuzivika sayari ngozi, maana zile za mwanzo zilikuwa laini kiasi kwamba Madam Dorah wa kompyuta alisema yeye anaona maandazi, na maonyesho ya mkoa kule Geita hayapokei maandazi.

Ngusa aliichukua kauli hiyo kama wito. Akakabidhiwa kamera ya klabu ya kompyuta kwa maandishi, akaanza kupiga picha kila kitu kilichochakaa. Likizo fupi alikwenda kwa baba yake mdogo kule Kalangalala, mjini Geita, akarudi na picha za marudio, ule mchanga wa kijivu unaobaki dhahabu ikishatolewa, ukiwa umekauka na kupasukapasuka. Ikawa sayari ya kwanza. Kutu ya mabati ya bwalo ikawa ya pili. Kilichobaki kilikuwa mwezi.

Hapa yafaa kusema kwamba Ngusa alikuwa na onyo la mwisho. Lilitokana na mbuzi aliyekutwa ofisi ya walimu amevaa tai ya shule, jambo ambalo Ngusa alilikana kwa heshima zote, hadi ilipoonekana kwamba tai ile imeshonwa jina lake. Makamu mkuu wa shule, Mwalimu Athanas, alimwambia bila kupandisha sauti kwamba kosa jingine lolote, anarudi nyumbani. Kisha akampandisha juu ya paa la bwalo kuzibua mifereji, mwenyewe akasimama chini kusimamia. Jua lilikuwa kali. Mwalimu akavua ile kofia yake ya siku zote ajipanguse jasho.

Ngusa, aliyepanda na kamera kwa ajili ya ile kutu ya sayari ya pili, alitazama chini akaona kitu ambacho binadamu wachache wamejaliwa kukiona. Kilikuwa cha mviringo, upande mmoja unang'aa na wa pili una kivuli, chenye vibonde vidogo na kovu refu lililopinda kama mto uliokauka. Alipiga picha moja tu.

Na kwa kweli alijaribu kutoitumia. Aliuvika mwezi ukoko wa ugali, ukaonekana ukoko wa ugali. Akauvika jiwe, ukaonekana ukuta. Alipouvika ile picha na kuutia rangi ya kijivu, ukawa mwezi ambao mtu angetamani kutua. Madam Dorah akasema sasa ndiyo. Agnetha alipouliza mwamba huo uko wapi, Ngusa alijibu kwamba hauko mbali.

Lakini fomu ya maonyesho haikutoka shuleni bila sahihi ya Mwalimu Athanas, naye hakusaini kitu asichokiona. Alikuja chumba cha kompyuta Ijumaa baada ya vipindi, akaitikia shikamoo zao, akaweka kofia mezani, akaketi. Agnetha, aliyesimama nyuma yake, alitazama skrini, akatazama kichwa, akatazama skrini tena. Kisha akamkanyaga Ngusa mguu kwa uzito wa mihula mitatu.

"Huu umekaa vizuri," Mwalimu alisema alipoufikia mwezi. "Unafanana na mahali pa kweli."

Akaweka kidole kwenye skrini, akalifuata lile kovu polepole. Mkono wake wa pili, pasipo yeye kuutuma, ukapanda utosini na kufuata njia ileile. Vidole viwili vikafika kwenye kona pamoja, vikasimama.

Ngusa alikuwa na uongo tayari, kuhusu jabali moja la njia ya Geita. Akamtazama Agnetha, aliyekuwa amefumba macho.

"Niliipiga nikiwa juu ya paa, Mwalimu," alisema. "Agnetha hakujua. Kama ni kurudi nyumbani, nirudi mimi, mchezo uende."

"Miaka arobaini nalishika tu," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Sijawahi kuliona."

Akawaeleza, kwa sauti anayosomea matangazo ya paredi, kwamba alipokuwa na miaka minane maksai wa nyumbani kwao aliyeitwa Sajenti alimrusha juu ya kisiki. Mama yake alimwambia ni mkwaruzo tu. Mkewe, tangu waoane, humwambia halionekani kabisa. Akautazama tena mwezi.

"Linaonekana," alisema.

Akauliza mwezi unaitwaje. Agnetha akajibu kwamba una namba tu.

"Utaitwa Sajenti." Akasaini. Ngusa akapewa mifereji ya mabweni yote manne kuanzia Jumatatu, bila kamera, na onyo lake likabaki la mwisho. "Halafu umekosea," Mwalimu aliongeza. "Linaishia huku nyuma ya sikio. Picha yako imelikata. Mtu akitua hapa ataona limeishia hewani."

Akageuzia kiti dirishani, akainamisha kichwa kwenye mwanga, akatulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Ngusa alipiga mbili, kisha ya tatu kwa usalama, na hajawahi kukaa muda mrefu kiasi hicho bila kucheka.