Sauti ya Uani

Wimbo ulikuwa mzuri, na Zakiya alilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Yeye na Rael, binti wa mwalimu kutoka bara, walikuwa wakitengeneza muziki wa dansi wa kompyuta tangu walipomaliza shule hapa Amu, kisiwani Lamu. Walijiita Pembe Mbili. Zakiya hukusanya sauti. Rael huzikatakata, huzipanga na kuzitilia besi. Kila mmoja ana lake, haingilii la mwenzake. Utaratibu huo uliwafikisha kwenye majukwaa ya Nairobi na Kampala, na sasa kampuni moja ya Nairobi ilitaka kuusambaza wimbo huu duniani.

Mdundo wake ulikuwa vugo, ngoma ya harusi ambayo wanawake huipiga kwa kugonga pembe kwa vijiti. Zakiya aliurekodi uani, kwa ruhusa ya Bi Huwaida, kiongozi wa kundi. Sharti lake: pembe zitumike watakavyo. Sauti za waimbaji zisitoke nje, zikasikiwa na wanaume. Zakiya hakumwambia Rael sharti hilo. Kwa binti wa Amu ni jambo lisilohitaji kusemwa, na alisahau kwamba Rael hakulelewa uani.

Alipousikiliza wimbo uliokamilika, ambao Rael alikuwa ameshaupeleka kwa kampuni, kabla besi haijaingia, alimsikia Bi Huwaida akiimba.

"Rael! Hiyo si sauti ya Bi Huwaida? Sauti za uani hazitoki nje!"

"Ni yeye. Nimeishusha mpaka inakaa ya mwanamume. Nani atajua?"

"Mimi nimejua."

"Wewe una masikio ya popo, Zaki."

Walimpelekea mwenyewe. Bi Huwaida alivaa vipokea sauti vya masikioni juu ya mtandio, akasikiliza, akaomba tena. Rael akaanza kutabasamu.

"Itoe," alisema Bi Huwaida. "Hata nikikohoa, mtaa mzima waniyua. Ni tamu, wallahi. Lakini ni ya uani."

Nicodemus wa kampuni hakutaka kusikia hilo. "Sauti hiyo ndiyo tuliyoipenda," alisema kwenye simu. "Bila hiyo hakuna mkataba."

Zakiya aliiweka simu mezani, ikiwa bado hewani, na kumtazama mwenzake. Faili zote zilikuwa kwa Rael, na kipande kile kilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Angeweza kutia sahihi peke yake, na Pembe Mbili ingeishia hapo. Zakiya hakumsihi.

"Bwana Nicodemus," Rael alisema, "sauti inatoka. Ukitaka pembe tupu, nakutumia leo. Hutaki, tunautoa wenyewe."

Nicodemus akakata simu.

"Ungeniambia mapema," Rael alisema.

"Kweli, ningekwambia."

"Basi toka, nifanye kazi."

Wakautoa wenyewe. Palipokuwa na sauti, Rael aliziacha pembe peke yake, kavu, kisha besi ikaingia. Madijei wa Nairobi waliuchukua, kisha wa Johannesburg, na mialiko ikaja bila kampuni.

Toleo la kwanza halikufutwa. Bi Huwaida mwenyewe aliliitisha kwenye harusi ya mpwa wake, uani kwa wanawake watupu. Mlangoni Alawiya, dada wa bibi harusi, alikusanya simu zote kwenye kapu, hata ya Rael, na mlango ukafungwa. Sauti ilipotoka kwenye spika, ua mzima ulisimama. Vigelegele viliifunika besi.

Bi Huwaida alipenya hadi kwenye mitambo, jasho likimtiririka.

"Rudia, mwanangu," alimwambia Rael. "Na hiyo besi mbona mwaionea haya? Izidishe!"