Aseme Mwenyewe

Roseline alikuwa akipepeta omena, dagaa wa ziwani, kwa mkono wa kushoto alipomwona Pauline akihesabu hatua. Pauline, jirani yake muuza nyanya, alipita mbele ya kibanda cha Roseline, namba kumi na saba, polepole, kisigino kikigusa vidole, kama fundi anayepima kitambaa. Alipoona anatazamwa akainama, akajifanya anafunga kiatu. Naye alivaa malapa, hayana kamba.

Roseline alitaka kumwambia binti yake, "Huyo anatafuta nini?" Kilichotoka mdomoni ni, "Sufuria."

"Nimemwona, mama," Joyline akajibu. "Hata mimi nina macho."

Ndivyo walivyoishi tangu Februari, Roseline alipoanguka jikoni akisonga ugali. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakavurugika. Daktari alimweleza Joyline taratibu: damu ilikosa kufika upande wa kushoto wa ubongo, pale maneno yanapopangwa. Mama anaelewa kila kitu, ila akitafuta neno anashika lingine.

Ajabu ilikuwa wimbo. Miaka ishirini Roseline aliwaita wateja wa soko la Kendu Bay kwa wimbo aliojitungia, na huo haukuguswa. Daktari alisema nyimbo zina njia nyingine kichwani. Kwa hiyo kila asubuhi aliimba, gorogoro, kopo lake la kupimia, mapajani, na wateja wakaja. Ukimuuliza tu "Habari ya nyumbani?" anakwama.

Pauline ndiye aliyeanza kusema, "Mgonjwa gani anaimba na haongei? Huyo kuna kitu anatuficha." Wanawake wengine wakaanza kupokea chenji kwa ncha za vidole.

Siku hiyo Maranga, karani wa soko, alileta daftari jipya. Vibanda vinaandikwa upya, na kwa sababu watu waliwahi kuandikisha marehemu na mashemeji walioko Nairobi, sasa kila mtu aseme mwenyewe jina na namba. Asiyesema, kibanda kinapewa mwingine. Roseline aliona nani amemshikia karani mwavuli tangu asubuhi. Ni Pauline.

"Jina?" Maranga akauliza.

Jina alilijua. Alijua hata mama yake alivyokuwa akilivuta akimwita kutoka mtoni. "Su... sufuria."

Foleni ikacheka.

"Umekunywa, mama?"

"Ni stroki, mkubwa," Joyline akasema. "Barua ya daktari hii hapa."

Maranga aliigeuza mbele na nyuma, akaishika juani. "Za hivi zinachapishwa pale saiba, kwenye kompyuta, dakika mbili. Na wewe nyamaza. Aseme mwenyewe."

"Min Joy huimba vizuri sana," Pauline akasema, akimtaja Roseline kwa jina la bintiye kama Waluo wafanyavyo, macho yake kwenye nyanya. "Uliza soko lote."

"Anaimba?" Karani akaweka kalamu chini. "Hebu imba tusikie."

Roseline alimtazama huyu, akamtazama yule. Aliuona mtego. Lakini jina lake halikuwa na mlango mwingine wa kutokea. Akavuta pumzi.

"Njooni kwa Roseline, omena haina mchanga, kibanda kumi na saba, gorogoro hadi juu!"

"Hadi juu!" wanawake wa foleni wakaitikia kwa mazoea, hata waliocheka.

"Si ametaja yote!" Joyline akasema. "Jina na namba. Andika!"

"Mmeona?" Maranga akawageukia watu. "Kumbe ulimi ni mzima, alikuwa anatuchezea. Sasa aseme bila kuimba. Hapa ni ofisi, si harusi."

Roseline alijaribu. Jasho lilimtoka puani. "Ro... rafu. Sufuria."

Joyline alisoma daftari juu chini, herufi baada ya herufi: *Hakujibu*. Maranga akaenda kuchora msalaba wa chaki kwenye nguzo ya kibanda kumi na saba, akarudi kwenye foleni, akaita, "Anayefuata!"

Kreti ya kwanza ya nyanya ilishawekwa ndani kabla Roseline hajafika kibandani kwake. Hakutazama aliyeileta. Alichovya kitambaa kwenye beseni, akafuta chaki kwa mkono wa kushoto mpaka mbao ikabaki na unyevu tu. Kreti akaisukuma kwa goti, kidogo kidogo, hadi njiani.

"Kesho watakuja na askari, Min Joy," Pauline akasema. "Utawaambia nini?"

Roseline akajaza gorogoro mpaka omena zikamwagika ukingoni, akaketi, akaanza wimbo wake mwanzo.